Ndago za Mama Mkwe

Mimi ni fundi mwashi, na kazi yangu, ukiitazama vizuri, ni kuyafukuza maji. Watu wanadhani fundi mwashi anapanga matofali. Matofali hata mlevi anaweza kuyapanga. Shughuli ipo kwenye maji: yasipande ukutani, yasituame sakafuni, yasikae mahali popote ambapo mwenye nyumba atayaona na kuikumbuka namba yangu ya simu. Miaka ishirini na miwili nimeifanya kazi hiyo, na hakuna mteja aliyewahi kunirudia kwa ajili ya unyevu. Kwa nyufa, sawa, wamenirudia. Kwa unyevu, hapana.

Sasa fikiria aibu yangu. Nyuma ya nyumba yangu mwenyewe, kati ya jikoni na ukuta wa jirani, kulikuwa na kona isiyokauka. Maji ya paa yalishukia pale, maji ya sinki yalipitia pale, na udongo wenyewe ulikuwa wa mfinyanzi, haumezi kitu. Wakati wa jua palikuwa tope, wakati wa mvua palikuwa dimbwi. Kila mwaka niliapa kumwaga zege, na kila mwaka zege likaishia kwa watu. Jirani yetu ni dereva mstaafu. Tumembandika jina la Taarifa, kwa sababu habari za mtaa humfikia yeye kabla ya kuwafikia wenyewe. Huyo alikuwa akiegemea ukuta na kuniuliza kwa upole kama nina mpango wa kufuga bata.

Halafu akaja mama mkwe.

Mama wa mke wangu alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi kwa zaidi ya miaka thelathini. Tangu baba mkwe afariki, aliishi peke yake katika nyumba ndogo kando ya bonde lenye maji. Mwaka huo bonde likaanza kujazwa kifusi ili yajengwe maghala. Malori yakawa yanapita mlangoni kwake kutwa, vumbi hadi ndani ya sufuria, na mama akaanguka mara mbili nje ya mlango wake bila kumwambia mtu. Tulikuja kusikia kwa watu baki. Mke wangu alilia siku mbili, na siku ya tatu akaenda kumchukua.

"Nakuja kuwasalimia tu," mama alitangulia kusema kwenye simu. "Mimi sihamii kwa mtu."

Alishuka garini na begi moja la nguo na gunia moja linalovuja. Nikalipokea gunia kwa mikono miwili, kwa heshima zote za mkwe, na maji yakanichuruzika mpaka kwenye soksi. Lilikuwa limejaa majani.

"Shikamoo mama. Ni mboga hizi?"

"Marahaba baba. Ni ndago za majini. Nimezing'oa kabla kifusi hakijazifikia. Ile kona yako ya matope bado ipo?"

Kona yangu ya matope! Kumbe habari zake zilikuwa zimesafiri hadi ukweni.

Kila aliyewahi kushika jembe anaijua ndago ya shambani, ile unayoing'oa leo na kesho unaikuta inakuchungulia. Hizi za mama zilikuwa ndugu zake wa mbali, lakini wenye adabu. Zinakaa kwenye maji, zinafika kiunoni, na kila shina lina pembe tatu. Ukilizungusha kati ya vidole unazihisi zote. Kichwani linafungua majani membamba yanayotawanyika kama mbavu za mwavuli. Ni nzuri, leo nakiri. Siku ile niliona magugu yamesafirishwa kwa nauli.

Mama hakungoja hata chai. Aliomba kigoda na kisu, akalifungua gunia, akaanza kugawanya mashada, kila shada likibaki na kipande cha mzizi mnene na vichipukizi viwili vitatu. Majani akayakata, akabakiza urefu wa kiganja. "Mizizi imetoka safari, imechoka," alimweleza mke wangu. "Usiipe majani mengi ya kulisha." Akazipanda katika tope lenyewe, hatua moja baina ya shada na shada, shingo zikibaki juu ya udongo, na kila moja akaiwekea jiwe pembeni ili mvua isiibebe. Zilikuwa ishirini na nne. Alipomaliza akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kama alivyokuwa akinawa kazini, akatoa tangazo.

"Zikishika, nitafikiria kukaa. Zikikataa, narudi kwangu. Mahali ambapo hata ndago haitaki, mimi nitafuata nini?"

Mke wangu alinitazama. Ni mshona nguo, amezoea kumpima mtu kwa jicho kabla ya kushika futi, na siku hiyo alinipima mimi. Tulipobaki peke yetu chumbani akanishika mkono.

"Hizo ndago lazima zishike," alisema. "Hata kama itabidi uzinyweshe soda. Mama akirudi kule peke yake, siku nyingine ataanguka na hatakuwepo wa kumwinua. Umenisikia?"

Nilimsikia. Lakini niseme ukweli wangu wote, maana nimeshaanza. Kuishi na mama mkwe ni kazi. Katika nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, nikawa sitembei na singlendi tu kifuani. Nikawa sicheui. Timu yangu ikifungwa, naumia kimyakimya kama mfiwa. Asubuhi mama alikuwa anaamka kabla ya jogoo na kuingia bafuni, na humo ndani alijisugua kwa utaratibu wa hospitali, hatua kwa hatua, huku mimi nimesimama ukumbini na taulo begani, nimechelewa kazini, natabasamu. Katika wiki ya kwanza kuna siku nilizitazama zile ndago nikajiambia moyoni: zikikataa, si mimi niliyezikataza.

Wiki ya tatu nikakuta kikopo cha mafuta ya mgando juu ya buti zangu. Saruji inaila mikono yangu, inaipasua mpaka naogopa kushika chumvi. Ni mama aliyekiweka. Alikuwa ameniona nashika kikombe kwa ncha za vidole, basi. Nilipaka yale mafuta siku nne, mikono ikarudi kuwa ya binadamu. Nikaanza kutafuta namna ya kumrudishia wema.

Kila asubuhi alizikagua ndago zake, mikono nyuma, kama yuko wodini. "Huyu amelala vizuri. Huyu ana homa kidogo." Mke wangu akimuuliza kama zimeshika, alitikisa kichwa: "Kijani siyo kushika. Tungoje chipukizi jipya." Na kila alipolikanyaga lile tope kwa kandambili zake, mimi nilikuwa nashika roho mkononi. Mguu ukiteleza mara moja tu, mtu aliyekimbia kuangukia kwake angekuja kuangukia kwangu.

Basi mke wangu na mama wakasafiri siku kumi kwenda kumwona shemeji yangu aliyejifungua, nami nikaona nafasi yangu imefika. Nilichukua likizo kwa wateja. Nikazing'oa ndago zote ishirini na nne, taratibu, nikaziweka kwenye ndoo. Nikachimba ile kona, nikamwaga kokoto, nikalaza bomba lenye matundu hadi kwenye mtaro wa nje. Juu yake nikajenga kitalu cha matofali, kozi nne, yaani safu nne za kwenda juu, nikakijaza udongo mwepesi wa bustani, nikazirudisha ndago kwa mstari uliopimwa kwa uzi. Nje nikapiga lipu ambayo ungeweza kujitazama na kunyoa ndevu. Hata pimamaji ilishangaa.

Maji yakaondoka. Kwa mara ya kwanza tangu tununue kiwanja, kona ile ikakauka kabisa. Nilitembea pale na soksi nyeupe ili Taarifa aone.

"Fundi," alisema akiwa ukutani, na sauti yake ilikuwa na heshima ambayo sijawahi kuisikia, "hii hata wizarani hawana."

Niliwasubiri wasafiri wangu kwa hamu ya mtoto. Waliporudi niliwapeleka nyuma kabla hawajaweka mizigo chini. Mama aliinama mbele ya kitalu. Akapitisha kidole juu ya lipu.

"Kazi safi," alisema. "Asante sana, baba."

Kisha akachota udongo kidogo, akaufikicha. Ukadondoka mkavu, kama unga. Akakung'uta mkono, akasema amechoka na safari, akaingia ndani. Ncha za ndago zilikuwa zimegeuka manjano. Nilikuwa nimeziona, nikadhani ni uchovu wa kuhamishwa.

"Fundi," akasema mke wangu. Akiniita hivyo badala ya mume wangu, najua kimenuka. "Umeyaondoa maji?"

"Yote!" nikajibu, kifua mbele.

"Kwenye mmea wa majini."

Naapa kwamba hadi dakika ile jambo hilo halikuwa limenipitia kichwani. Miaka ishirini na miwili ukiona maji mahali unayaondoa. Mikono inaenda yenyewe, kichwa kinafuata baadaye, na safari hii kichwa kilikuwa hakijafika.

"Umefanya makusudi," alisema.

"Mimi?"

"Unadhani sikuoni asubuhi na taulo lako? Unadhani lile tabasamu lilinidanganya?"

Tuligombana kwa kunong'ona hadi usiku, ugomvi mbaya kuliko yote, maana huwezi hata kuufurahia. Nilimwambia niliogopa mama asiteleze. Aliniambia ningeweza kuuliza. Nikamwambia kama kazi ilikuwa na kasoro mama angesema. Hapo akanishangaa.

"Aseme nini? Akusute wewe mkwe wake, nyumbani kwako, mbele ya kazi ya mikono yako? Yule hawezi. Ameshaniuliza basi la Jumamosi linaondoka saa ngapi."

Ilikuwa Jumatano. Nilipita mbele ya chumba cha mama, mlango ukiwa wazi nusu, nikamwona amekaa kitandani akikunja nguo, kila kitenge pembe juu ya pembe, bila haraka. Zile siku kumi alizokuwa safarini nyumba ilinipwaya, sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa narudi kazini na hakuna wa kuniuliza kama nimekula. Nilikuwa naingia bafuni saa yoyote ninayotaka, na sikupata raha yake. Nilikuwa namtaka yule mama abaki, na nilikuwa nimemfukuza kwa lipu.

Alhamisi asubuhi nikatoa nyundo kubwa na tindo.

Kama hujawahi kuvunja kazi yako mwenyewe uliyoifanya kwa moyo, usiombe. Na kazi yangu haivunjiki kirahisi. Nililaani uwiano wangu wa saruji na mchanga, nikalaani na matofali yangu yaliyoiva. Taarifa akatokeza kichwa juu ya ukuta, kijiko cha uji mkononi.

"Fundi, umegundua dhahabu?"

"Nyamaza, mzee wangu. Niletee sururu."

Akaleta, na kwa mara ya kwanza katika ujirani wetu hakuuliza kitu. Nilivunja, nikazirudisha ndago kwenye ndoo, nikatoa matofali, nikang'oa bomba, nikaziba tundu la mtaroni, nikazoa kokoto ndoo kwa ndoo. Nikarudisha mfinyanzi. Lakini mfinyanzi uliochimbuliwa haushiki maji mpaka ushindiliwe, na shindilio langu nilikuwa nimeliacha kwa mteja. Nikavua shati, nikakunja suruali hadi magotini, nikafungulia mpira wa maji, nikaanza kukanyaga kwa miguu mitupu. Tope likanifika masikioni.

Katika hali hiyo, na singlendi yenye tundu kwapani, nikainua macho nikamwona mama mkwe amesimama mlangoni.

Ningekuwa na pa kujificha ningejificha. Mama alinitazama kutoka juu hadi chini. Akarudi ndani. Nikasema basi, yamekwisha. Akatoka tena na kigoda, akakiweka pakavu, akakaa, akakunja mikono ya gauni lake.

"Hivyo unajichosha," alisema. "Kanyaga kwa kisigino. Polepole. Vuta pumzi."

"Ndiyo mama."

"Sasa sukuma. Sukuma baba, usibane! Haya, pumzika. Vuta pumzi. Tena!"

Huko juu ya ukuta Taarifa akapaliwa na uji. Mke wangu akatoka mbio na futi shingoni, akidhani kuna mtu anajifungua, akatukuta, akakaa chini papo hapo na kucheka mpaka machozi. Mimi nikasukuma. Nilisukuma saa nzima kwa amri, kona yote, na mwisho mama akamwaga ndoo ya maji katikati, tukakaa kuyatazama. Hayakwenda popote. Sikujua kuwa maji yaliyotuama yanaweza kumfurahisha mtu kiasi kile.

Kisha akaomba apewe wagonjwa. Nilimpa shada moja moja, naye alikwaruza mzizi kwa ukucha. Ukiwa mweupe ndani, mzima. "Huyu yupo. Huyu yupo. Huyu ametutoka." Tisa zilikuwa zimetutoka. Kila aliposema hivyo nilijiona muuaji. Zilizobaki, kumi na tano, tulizipanda pamoja, yeye akionyesha kwa kidole, mimi nikiwa magotini.

Mke wangu alikuwa ameingia kuchemsha chai, tukabaki wawili. Nikapiga moyo konde.

"Mama, nisamehe. Sikufanya makusudi."

"Najua. Anayetaka kuua mmea hapigi lipu namna ile."

Ningeweza kuishia hapo, na mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini tope lilikuwa limeshanivua heshima zote, nikaona nimalizie.

"Ila mama, wiki ya kwanza niliwaza kwamba zikifa, si vibaya."

Aliendelea kushindilia udongo kuzunguka shada kwa vidole viwili. Hakukasirika. Aliangalia mlango wa jikoni kwanza, kisha akashusha sauti.

"Wiki ya kwanza hata mimi niliomba zife," alisema. "Nipate sababu ya kuondoka bila kumliza mwanangu. Kukaa kwa watu si mchezo, baba. Unadhani nilikuwa napenda kukuona umesimama na taulo? Nilikuwa natamani kutoka humo bafuni, naona haya kukutana nawe."

Tukatazamana. Sijui nani alianza kucheka, lakini mimi nililazimika kushika ukuta.

"Na sasa, mama?"

"Sasa una tope kwenye nyusi. Nenda kaoge."

Hilo halikuwa jibu, na mimi nilijua. Jumamosi hakuondoka, alisema huwezi kuacha wagonjwa kumi na tano kwenye hali ile. Lakini begi lake lilibaki limefungwa, chini ya kitanda, na mke wangu kila alipofagia chumba kile alilisukuma kidogo kwa ufagio kama anajaribu uzito wake.

Yale matofali niliyovunja niliyatumia kujenga njia kavu kuizunguka ile kona, pana kwa mtu na fimbo yake, yenye mkono wa bomba la chuma wa kushikilia. Safari hii niliuliza kwanza. Mama alipanga mwenyewe ipite wapi, akanikosoa mara tatu, na mara ya tatu akaniambia waziwazi kwamba ngazi ya kupandia njia ile ni ya twiga. Niliishusha. Nilifurahi kukosolewa kuliko nilivyofurahi aliposema kazi safi.

Vyura wakaja, wakaanza kuwala mbu ambao Taarifa alikuwa ameshaanza kuwaandalia malalamiko. Siku ya ishirini na tatu tangu tupande upya, asubuhi kabla sijaenda kazini, nikapita na kijiti nikiondoa majani makavu, nikaona kitu. Karibu na shada la tatu, mahali ambapo hatukupanda kitu, ncha ya kijani ilikuwa imetoboa tope, ndefu kama kucha. Niliishika kwa vidole viwili. Ilikuwa na pembe tatu.

Nilipiga kelele. Nilisahau nyumba ina mkwe, nikapiga kelele kama timu imefunga dakika za mwisho. Wakatoka wote. Mama alishika bomba la njia yake, akainama, akatafuta shada kwa shada. Tulipata ncha nne siku ile. Mke wangu alikuwa nyuma yake, hapumui.

"Zimeshika," mama alisema. Akanyooka. "Haya. Jumamosi nakwenda kupanda basi."

Nilimwona mke wangu anavyonywea.

"Mama, baki," nikasema. Sikujipanga, lilitoka tu. "Tafadhali. Si kwa ajili ya mwanao peke yake. Mimi ndiye ninayeomba."

Alinigeukia na uso wake wa kazini, ule usiobembelezeka.

"Nani amesema siji tena? Nakwenda kuifunga nyumba. Nina kabati, nina vitanda viwili, nina vyombo. Au ulidhani nitavibeba kichwani? Tafuta gari, twende wote."

Jumamosi tulikwenda. Bonde lilikuwa limefunikwa lote, jekundu na tambarare, hakuna hata jani. Mama alilitazama mara moja tu kisha akaanza kuniamuru nishike wapi na nipitishe vipi. Mama mmoja jirani yake alikuja kusimama uani, akatutazama tunavyotoa vitu, akauliza kwa huruma, "Ndiyo mkweo huyu? Anakupeleka wapi?"

"Hanipeleki," mama akajibu. "Huyu ni mwanangu. Tunarudi nyumbani."

Kabati lile lilikuwa la mti mgumu, la kubebwa na wanaume watatu, na dereva wa gari tulilokodi alikuwa ameshamwita mwenzake aje kusaidia. Nilijitwika peke yangu nikatoka nalo hadi garini, maana ningewasubiri wangeniona ninavyolia.